Sindano Mbili za Ijumaa

Haipiti wiki bila mtu kunijia hapa Niboye, Kigali, na bahasha. Ndani ya bahasha kuna diploma, leseni ya uuguzi, nakala ya kitambulisho, na barua ya kuomba kazi yenye maneno yaleyale ambayo wote mmeyanakili kwa mtu mmoja. Simjui ni nani, lakini nikimpata nitamvuta sikio. Wiki iliyopita alikuwa Kevine, binti wa jirani yangu, ambaye amemaliza masomo mwaka huu. Akakaa kitini, akakataa chai, akasema, "Mama Diane, kazi ziko wapi?"

Nikamwambia kazi ziko walipo wagonjwa. Akanitazama kwa huruma, akidhani uzee umeanza kunichezea.

Haya basi, nimeamua kuandika, ili mtakaokuja msome kwanza ndipo mnisumbue. Naandika Kiswahili kwa sababu wengi wenu mmetoka Tanzania, Kenya na Kongo, na mimi mwenyewe nilizaliwa Karagwe wazazi wangu wakiwa wakimbizi. Uuguzi nilisomea hukohuko Tanzania. Kinyarwanda changu wauza mboga wanakicheka hadi leo, na mimi nimezoea.

Kazi nitawaambia. Ila kuna habari moja ambayo lazima niitie humu, hata kama hamkuniuliza. Nilimfanya nesi mwenzangu afukuzwe kazi bila kosa lake. Siku nilipostaafu walinipa kitenge na saa ya ukutani, hotuba zikamiminika, kila mmoja akisema mimi ni mfano wa kuigwa, nami nikaitikia kwa kichwa huku nakula sambusa. Habari hii sikuisema pale.

Tuanze na mnayoyataka. Mlango wa kwanza ni wa serikali. Unasubiri tangazo, unajaza maombi kwenye mtandao, unafanya mtihani wa kuandika, kisha mahojiano, kisha unapangiwa. Unachukua muda. Na ukipangiwa mbali na Kigali utalia, maana nyinyi mkitoka nje ya mji mnadhani mmehamia mwezini. Nenda. Nesi aliyekaa mwaka mmoja kituo cha afya cha vijijini amezalisha, ameshona majeraha, amechanja watoto, amegombana na jokofu la chanjo umeme ulipokatika. Akirudi mjini hababaiki.

Mlango wa pili ni kliniki za watu binafsi. Siku hizi ziko nyingi, Kicukiro hii kila ukigeuka unakuta kibao kipya. Wanaajiri haraka na wanakuacha haraka. Kwanza wanakuweka kwenye majaribio ya miezi mitatu, na katika miezi hiyo kila mtu anakutazama, hadi mfagiaji. Wa tatu ni kuuguza wazee majumbani. Watoto wao wako ng'ambo, wanatafuta nesi wa kukaa na mama yao kule Rebero, na wanampigia simu kila saa kuuliza amekula nini. Msiudharau. Wa nne ni kwenda nje, mambo ya mitihani ya Kiingereza, na huo siujui vizuri kwa hiyo sitajifanya naujua.

Kwenye mahojiano watakuuliza kama umewahi kukosea kazini. Nimekaa upande wa pili wa ile meza, najua. Msichana anasema, "Hapana, sijawahi," huku anatabasamu. Mimi hapo hapo namwona hajawahi kufanya kazi, au amefanya na ni mwongo.

Mengine ni ya mikono. Mshipa ukigoma, usimpige mgonjwa makofi mkononi. Mwachie mkono uning'inie, ufunike kwa kitambaa cha maji ya moto, umuulize mwenyewe ni upande gani wenzako huwa wanaupata; mgonjwa wa muda mrefu anajua mishipa yake kuliko daktari. Jifunze kuuliza "inauma wapi" kwa Kinyarwanda, Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza, maana mtu akiumwa anarudi kwenye lugha ya mama yake. Na mzee wa Kinyarwanda usimuulize maumivu yakoje. Atakujibu "buhoro buhoro", polepole tu, hata kama mfupa wa nyonga umevunjika. Adabu zake hazimruhusu kulalamika mbele ya mtoto. Mwambie ageuke upande wa pili, kisha uangalie uso wake. Mimi nilimwacha mzee mmoja kwenye benchi asubuhi nzima kwa sababu ya hiyo buhoro buhoro, nikimpitisha mtu wa mafua mbele yake, hadi mkewe alipokuja kunisema mbele ya watu wote. Nilistahili.

Sasa hiyo habari.

Miaka mingi nilifanya kazi kituo cha afya kimoja, halafu nikiwa mtu mzima kabisa, na Diane binti yangu bado yuko sekondari, nikahamia kliniki moja binafsi. Jina lake halina kazi hapa. Tuliingia wawili wiki moja, wote kwa majaribio: mimi, na msichana anayeitwa Alphonsine. Yeye alikulia Bukavu, kwa hiyo tulikuwa tunaongea Kiswahili, cha kwake cha Kongo na changu cha Karagwe. Aliniita yaya, ndivyo wanavyomwita dada mkubwa huko kwao. Mwanzoni nilinuna, kwetu yaya ni wa kulea watoto, baadaye nikalipenda. Alikuwa mwembamba, mtaratibu, haongei sana, na alikuwa anamtunza mama yake na mtoto wake mdogo.

Mkubwa wetu wodini alikuwa Mama Speciose, nesi wa zamani aliyesoma kwa Kifaransa, kalamu imefungwa uzi inaning'inia shingoni. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokota Kigali. Sheria yake ilikuwa moja. Ukimpa mgonjwa dawa, saini papo hapo, kabla hujaenda kitanda kingine. Akikukuta umetoa dawa hujasaini, anakushika kiwiko mbele ya wagonjwa. "Dawa iko wapi?" Unamjibu, ndani ya mgonjwa, Mama. "Mwenzako itajua namna gani? Itafungua tumbo iangalie?"

Nilimwona ana vurugu bure. Kule kituoni kwangu nilikuwa peke yangu zamu nzima. Nilizoea kutoa dawa kitanda hadi kitanda, kisha nakaa na kikombe cha chai nasaini karatasi zote mara moja. Hakuna aliyewahi kudhurika, maana hakuna mwingine aliyewagusa wagonjwa wangu. Nilidhani huo ni uzoefu. Nilihama nao kama nilivyohama na viatu vyangu, na Mama Speciose akinisema nilikuwa naitikia ndiyo ndiyo, akigeuka naendelea na yangu.

Na msiniambie siku hizi kuna kompyuta. Mwaka jana nililazwa siku tatu kwa ajili ya nyongo. Nikamwona nesi kijana, mzuri, mchangamfu, anagawa dawa wodi nzima mikono mitupu, kisha anakaa mezani na soda anabonyeza majina yote mfululizo. Nikamwita nikamuuliza, "Mwanangu, ukiitwa ghafla kabla hujabonyeza?" Akacheka, akasema, "Mama, nina kumbukumbu nzuri." Nami nilikuwa nayo.

Ijumaa moja asubuhi nilikuwa namaliza zamu ya usiku. Wodini tulikuwa na mgonjwa mmoja tu wa insulini, bibi mwenye kisukari aliyelazwa kwa kidonda cha mguu. Tulimwita Nyogokuru, yaani bibi, na yeye alituita sote "mwanangu" kwa sababu majina yetu yalimshinda. Saa kumi na mbili na nusu nikampima sukari, nikamchoma sindano yake ya kabla ya chai. Sindano nikaitupa kwenye kile kisanduku cha vitu vyenye ncha, kipya, nilikuwa nimekifungua dakika hiyo maana cha zamani kilijaa. Karatasi yake nikaiacha miguuni pa kitanda, nitasaini nikikaa.

Nikakaa. Nikavuta karatasi zilizokuwa mezani nikazisaini zote. Ya Nyogokuru haikuwa mezani, ilikuwa kitandani kwake. Mara jirani yangu mwenye gari, ambaye hunipa lifti, akapiga simu kwamba yuko getini. Alphonsine akaingia wakati huohuo, ameshavaa sare, anafunga nywele.

Kanuni ya kukabidhi zamu ni kuzunguka wote wawili, kitanda kwa kitanda. Mimi nikamkabidhi nimesimama, begi begani. "Wote wazima, wa kitanda cha tatu dripu yake inaisha saa tatu."

"Yaya, tuzunguke kwanza," akasema.

"Leo niachie, mdogo wangu, gari litaniacha."

Nikaondoka. Hayo ndiyo makosa yangu mawili ya Ijumaa, na yote ni ya uvivu tu, hayana jina kubwa.

Alphonsine akakuta karatasi ya Nyogokuru haina saini ya insulini. Akafanya yote ambayo ningewafundisha nyinyi. Akamuuliza mgonjwa, na Nyogokuru akamjibu, "Mwanangu, mnanichoma kila saa, mimi nitajuaje?" Akanipigia simu mara mbili, simu ilikuwa ndani ya begi, na mimi nimesinzia kwenye gari la watu mdomo wazi. Akampima sukari, akaikuta bado iko juu, kwa kuwa dawa yangu ilikuwa haijaanza kufanya kazi. Chai ilishaletwa, bibi anataka kula. Akamchoma dozi iliyoandikwa. Akasaini papo hapo, na saa akaandika.

Saa tatu Nyogokuru akaanza kutoka jasho na kuongea ovyo, akimwita Alphonsine kwa jina la dada yake aliyekwisha kufa. Alphonsine akatambua. Akapima, akamwita daktari, glukosi ikaingia mshipani, akakaa kitandani kwa bibi hadi bibi akafungua macho na kuuliza kwa nini chai yake imepoa. Nyogokuru alipona, na siku chache baadaye akarudi kwake kidonda kikiwa safi. Nawaambia mapema msikae roho juu. Kuanzia hapo aliyekuwa hatarini ni Alphonsine.

Mimi niliamka mchana nikaona zile simu mbili. Nikampigia. Akanieleza yaliyotokea, sauti imechoka, kisha akauliza taratibu, "Yaya, asubuhi ulimuchoma insulini?"

Jibu lilikuwa neno moja. Nilikumbuka vizuri kabisa, nilikumbuka hadi kile kisanduku kipya. Nikasema, "Ngoja kwanza, nimechoka, kichwa hakinipi. Tutaongea."

"Sawa, yaya," akasema.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, mtaa wote tuko nje tunasafisha mitaro. Nikafyeka nyasi mahali pamoja hadi udongo ukabaki mtupu. Jirani akaniambia, "Nesi, hapo umeshanyoa, sogea." Watu wakacheka, nami nikacheka. Nilikuwa nafanya hesabu zangu. Majaribio yangu yamebaki wiki mbili. Kwa umri wangu hakuna kliniki itakayoniajiri tena. Diane yuko shule. Alphonsine ni kijana, atapata kwingine. Hilo la mwisho nililirudia mara nyingi, maana ndilo lililokuwa tamu kuliko yote.

Nyinyi mnaotafuta kazi mwangalie hapo. Siku hizo mbili hakuna aliyenitisha wala kunihonga. Nilikuwa naogopa kuanza kutembea tena na bahasha, basi.

Jumatatu saa nne tukaitwa ofisini. Alikuwepo daktari mkuu wa kliniki, Mama Speciose, Alphonsine na mimi. Daktari hakuwa mtu wa kupayuka. Aliweka karatasi ya Nyogokuru mezani akaigeuza ielekee kwetu. Saini ni moja, ya Alphonsine, na saa iko pale. Akasema, "Sukari haianguki hivi kwa dozi hii. Ulivuta dawa nyingi."

"Nilivuta iliyoandikwa, Daktari," Alphonsine akasema.

Daktari akanigeukia mimi. "Wewe ulimpa insulini kabla ya kutoka?"

Nikasema, "Daktari, karatasi ndiyo inaonyesha."

Angalieni jibu hilo. Sikusema ndiyo, sikusema hapana. Nilikuwa nimelipanga tangu Jumamosi nikiwa kwenye mtaro, na nililiona la busara. Daktari akaitikia kwa kichwa, akarudi kwa Alphonsine. Nilidhani Alphonsine atanirukia pale pale. Alinitazama tu, kitambo, kisha akatazama mikono yake. Mama Speciose alikuwa anachezea kalamu yake.

Jumanne Alphonsine akapewa barua. Kosa la dozi, majaribio yamesitishwa. Akaja wodini kuchukua viatu vyake na kikombe chake, akawaaga wagonjwa mmoja mmoja, na Nyogokuru akamshika mkono akauliza, "Mwanangu, kesho asubuhi ni zamu yako?" Akamwambia, "Hapana, kesho atakuja mwenzangu."

Msiniulize kama nililala usiku huo. Nililala. Watu husimulia kwamba hawakupata usingizi, mimi nililala fofofo, na niliona aibu asubuhi nilipoamka nimepumzika vizuri.

Jumatano nikaenda kwa daktari mwenyewe, nikafunga mlango, nikamwambia. Nilimchoma mimi saa kumi na mbili na nusu, sikusaini, sikuzunguka vitanda. Alphonsine hana kosa. Akavua miwani, akaifuta muda mrefu.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna, Daktari."

"Barua imeshatoka. Wenye kliniki wameshaambiwa. Nikimrudisha yule nitakufukuza wewe, na wodi itabaki na nani?" Akavaa miwani. "Mgonjwa amepona. Rudi kazini, na usirudie."

Nikatoka mwepesi. Nilifurahi, nasema kama ilivyokuwa. Ukweli nimeusema, kazi bado ninayo, aliyekataa kurekebisha ni mkubwa si mimi. Mchana huo nilikula sahani mbili za wali na maharage, na kachumbari juu.

Mama Speciose akanikuta nakunja mashuka. Sijui alijuaje, labda daktari alimwambia, labda uso wangu.

"Umesema kwa Daktari," akasema.

"Nimesema, Mama. Nimemwambia yote."

"Kwani iliyofukuzwa iko Daktari?"

Akaondoka na kalamu yake ikiyumba kifuani. Nikabaki na shuka mkononi. Nilikasirika, tena sana, nikamtukana moyoni kwa Kiswahili chote ninachokijua. Halafu hasira ikaisha na lile swali likawa bado lipo: aliyefukuzwa ni nani, Daktari au Alphonsine?

Kabla sijamaliza, wasiwasi wenu juu ya Alphonsine niuondoe. Leo ana kazi, tena kubwa, anaongoza wodi mahali fulani, na wengine kati yenu mmefanya mahojiano mbele yake bila kujua. Mimi nilibaki kliniki ile hadi nilipostaafu. Nilikuwa nesi mzuri kwa miaka iliyobaki. Nilisaini papo hapo, nilizunguka vitanda, nikawa msumbufu kumzidi Mama Speciose, na vijana walinipa majina nyuma ya mgongo. Hayo ndiyo waliyoyasifia kwenye hotuba. Walikuwa wanasifia matokeo, hawakujua yalikotoka.

Na jambo jingine la kazi, liwekeni akilini. Kila mwajiri mpya atataka barua kutoka kwa mwajiri wa mwisho. Barua hiyo ndiyo inakutangulia mlangoni. Ikisema ulikuwa mwaminifu, unaulizwa utaanza lini. Ikisema ulikosea dozi, hata chai hawakupi. Kwa hiyo kumfukuza nesi kwa kosa la dozi si kumwondoa mahali pamoja, ni kumfungia ile milango yote niliyowatajia juu. Mimi hilo nililijua Jumatatu ile kuliko mtu yeyote ofisini mle.

Alhamisi ya wiki ile nilipotoka kazini nikapanda pikipiki hadi kwa Alphonsine, Busanza, kwenye yale majengo ya ghorofa, na maziwa na mkate kwenye mfuko. Kwenye mkoba nilikuwa na karatasi niliyoiandika wodini mchana, kwa mwandiko wangu mzuri wa barua za kuomba kazi. Jina langu, namba yangu ya leseni, kisha maelezo. Niliyasoma mara tatu njiani kichwani, huku kofia ya pikipiki inanibana masikio, nikayaona yametosha.

Alifungua mwenyewe. "Yaya, karibu. Ingia." Alimtuma mtoto ampelekee bibi yake maziwa chumbani. Chai ikaletwa. Nilijua kwamba nisipoanza mara moja nitaongea habari za mvua.

"Alphonsine, ile Ijumaa nilimchoma mimi."

"Najua."

"Unajua?"

"Kisanduku kilikuwa kipya. Nilipomaliza kumutibu Nyogokuru nikafungua nikaangalia. Iko sindano mbili za insulini, na mimi nilitupa moja." Alikuwa ananimiminia chai. "Ndiyo maana nilikuuliza kwa simu. Nilijua, lakini nilitaka useme wewe."

"Mbona hukuwaambia?"

"Ningewaambia sindano ni mbili, wangesema zote ni zangu. Wewe ni mkubwa, una miaka mingi kazini, mimi ni nesi wa juzi. Nikasema, yaya atasema Jumatatu." Akaweka birika chini. "Mle ofisini nilikuwa nakungojea. Daktari alipokuuliza nikasema moyoni, haya, sasa hivi atasema."

Nilitaka kulia na nikajizuia, kwa sababu niliona kulia pale ingekuwa kumwongezea kazi ya kunibembeleza. Nikatoa karatasi. Nikamwambia nimeshamwambia daktari na amekataa, lakini hii ina namba yangu ya leseni, aipeleke popote anapoomba kazi, na wakitaka kunipigia wanipigie. Akasema kuna kliniki moja imemwita, wanasubiri tu ile barua ya mwajiri, na hajui awapelekee nini.

Akaisoma kwa makini, kidole kikifuata mistari. Akairudia. Niliandika kwamba siku ya Ijumaa nilimpa mgonjwa insulini, nikasahau kusaini, nikaondoka bila kukabidhi zamu inavyotakiwa, na kwamba nesi Alphonsine alifuata utaratibu wote. Nilitegemea ashukuru. Kwa kweli nilishakaa mkao wa kushukuriwa.

"Hii ni ya Ijumaa," akasema.

"Ndiyo."

"Ijumaa ulisahau. Kila mtu anasahau, yaya, hata mimi naweza kusahau. Sikufukuzwa kwa sababu ya Ijumaa." Akanirudishia karatasi. "Jumatatu umeiandika wapi?"

Nikaitazama ile karatasi. Nesi aliyesahau saini, wanaotoa leseni watamwonya, labda watamrudisha darasani wiki moja. Nesi aliyekaa kimya huku mwenzake anafukuzwa kwa kosa lake, sikujua watamfanya nini, na karatasi ingebaki mikononi mwa mtu ambaye alikuwa na kila sababu ya kuipeleka kwao. Alphonsine hakunihimiza. Mtoto alirudi kutoka chumbani akamkalia mapajani, naye akamsogezea kipande cha mkate.

Nikamwomba kalamu. Nikaigeuza karatasi, nikaandika Jumatatu, kuanzia saa nne, Daktari aliniuliza nini na mimi nilijibu nini, na kwamba nilipojibu nilikuwa najua. Alphonsine akasimama nyuma ya bega langu, mtoto kiunoni, akasoma kila mstari hadi nilipotia saini.